Chakula cha Mashine

Jikoni kwangu kuna bamba la chuma, pana kuliko sinia la pilau, limekunjwa kidogo katikati mfano wa paa. Nalitumia kwa kazi zote isipokuwa ile liliyotengenezewa. Nafunikia pipa la maji, naanikia pilipili, na siku za wageni napangia chapati. Jua la saa saba likilipiga, hutoa harufu ya mafuta ya zamani na moshi wa vifuu vya nazi, na mimi, mtu mzima mwenye funguo za nyumba yangu kiunoni, nageuka mtoto wa miaka kumi mwenye jivu puani.

Wiki iliyopita mpwa wangu alitaka kuliuza kwa wale wanaopita wakinunua vyuma chakavu. Nikamwambia, "Anza kuniuza mimi." Akanitazama juu hadi chini, akasema, "Shangazi, wewe uzito unao, lakini kutu imezidi." Hiyo ndiyo adabu ya watoto wa siku hizi, na wa kulaumiwa ni mimi niliyemlea.

Hajui kwamba siku tulipoikimbia Palma kwa sababu ya vita, kila mtu wa nyumba yetu alibeba alichokiona cha maana. Mama alibeba vyeti na msahafu. Baba alibeba redio isiyoshika kituo. Mimi nilibeba bamba kichwani, na njia nzima watu waliniuliza nauza nini. Tuliporudi, nikarudi nalo. Ngoja niwaeleze, wenzangu, maana najua mtacheka tu, na afadhali mcheke mkijua mnachokicheka.

Nilikuwa mtoto wa nyumbani. Sisemi mtoto mzuri. Nasema wa nyumbani, kama kinu. Wenzangu maji yakipwa walishuka pwani kuchokoa pweza, wakarudi na magoti yaliyochubuka na visa vya kusimulia. Mimi sikuwa na visa wala michubuko. Nilikuwa nimekaa uani, nyuma ya nyumba, nikimtazama Shangazi Mwanaidi akichoma.

Shangazi Mwanaidi ni dada yake baba. Alihamia kwetu baada ya ndoa yake ya pili kumchosha, ingawa yule mume akiulizwa husema aliyechoka ni yeye. Mama msimu mzima wa kilimo alikuwa Pundanhar, shambani, kwa hiyo nyumba ilikuwa chini ya Shangazi, na chini ya Shangazi hakuna aliyepumzika isipokuwa jiwe la kusagia. Na mimi.

Mtaani hakukuwa na mtu aliyechoma kama yeye. Changu, ngisi, kuku, hata muhogo. Mkaa hakuutaka. Alichomea vifuu, yale magamba magumu ya nazi zilizokwisha kukunwa. Kifuu huwaka kwa hasira, ndimi za moto hadi usoni, kisha hasira hupoa na hubaki makaa mekundu, makali, yasiyo na kelele. Hapo ndipo nyama hupanda. Lakini kabla haijapanda, Shangazi alinyoosha kiganja juu ya wavu na kusema Bismillahi Rahmani Rahimi, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. Ukiimaliza yote na mkono bado uko palepale, huo ni moto wa kupashia maji ya kuogea. Mkono ukikimbia kabla ya Rahmani, huo ni moto wa kuunguza nyumba. Moto wa kuchomea unakutoa mkono kwenye Rahimi, hapo hapo, wala si mbele wala si nyuma.

Kila siku nilimwomba anipimishe. Kila siku mkono wangu uliruka kwenye "Bismi".

"Kiganja chako bado kina maziwa," alisema. "Ondoka hapo, Paka. Kacheze kama watoto wa watu."

Paka ndilo jina alilonipa, kwa sababu ya kukaa karibu na jivu. Akija mgeni, alinionyesha kwa kidevu: "Huyu kajitia mwali mwenyewe, hakungoja hata ngoma." Wageni wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini macho yangu yalikuwa kwenye koleo lake. Katika nyumba yetu hakuna aliyekabidhiwa moto mpaka Shangazi aone kiganja chake kimeiva, na mimi nililitaka koleo lile kuliko nguo ya Idi.

Upande wa pili wa ua wetu wa makuti aliishi Senhor Anselmo, mtu wa Maputo aliyeletwa kufanya kazi ofisi ya wilaya. Alikuwa mrefu, mpole, miwani yake imefungwa uzi. Kiswahili alijifunza kwa Shangazi kupitia tundu la ua, kwa hiyo alijua matusi madogomadogo kabla hajajua salamu. Jioni alinisaidia kazi zangu za Kireno, na nilipokosea hakunipiga wala hakunicheka, jambo ambalo mimi, kwa malezi niliyokuwa nayo, nililiona la ajabu sana.

Mke wake, Dona Ivete, alikuwa amebaki kusini na watoto wao wawili. Mtaa mzima ulijua kwamba Dona Ivete hataki kuja.

"Ameambiwa huku ni mwisho wa ramani," Senhor Anselmo alimwambia Shangazi siku moja, amesimama kwenye tundu la ua. "Nimemwomba aje siku chache tu, aone kwa macho yake. Akipapenda, atawaleta watoto. Asipopapenda, vizinha, jirani yangu, naomba uhamisho. Nimechoka kuwalea watoto kwa simu."

"Na ukiondoka nitamtukana nani?" Shangazi akauliza. Alipogeuka nilimwona hacheki.

Mimi nami nikajiuliza. Akiondoka, nani atakaa nami barazani na yale madaftari?

Sasa, mashine. Senhor Anselmo aliachiwa na mzungu mmoja wa kwenye kambi za gesi, aliyemaliza mkataba akashindwa kuibeba. Ilikuwa kama pipa jeusi lililolazwa juu ya miguu minne, lina kifuniko juu na sanduku ubavuni. Yeye aliiita churrasqueira. Sisi tuliiita mashine, na inatosha. Ndani ya lile sanduku alimimina punje za kahawia, fupi, za mviringo, kama penseli iliyokatwa vipande. Akachomeka waya wa umeme. Mashine ikaanza kunguruma, grrr, tumboni. Baada ya saa tatu alifunua kifuniko, na ndani mlikuwa na kuku aliyeiva.

Hapa naomba msicheke kwa sauti.

Mashine ile aliiwasha Jumamosi, na Jumamosi asubuhi mimi niko madrasa. Kumbe alikuwa anaweka frango, kuku wa barafu wa dukani, mapema, anafunika, ndipo anawasha. Mimi niliporudi, kifuniko kimeshafungwa na yeye anaongeza punje. Kwa hiyo nilichokiona, Jumamosi baada ya Jumamosi, ni punje kuingia na kuku kutoka.

Na punje zile nilizijua! Karibu na soko alikuwepo bwana mmoja aliyefuga kuku weupe wa kisasa, na aliwalisha punje za gunia, rangi ileile, umbo lilelile, na kuku wake walikuwa tayari kwa wiki tano. Basi hesabu yangu ilikuwa safi kabisa. Kuku wetu wa kienyeji, anayejiokotea mwenyewe, mwaka mzima. Kuku wa punje, wiki tano. Na punje zikitiwa moja kwa moja kwenye mashine, bila kumsumbua kuku, saa tatu.

Ushahidi nao ulikuwa sahanini. Kuku wa Senhor Anselmo alikuwa mweupe, laini, hana alama hata moja ya moto, hana ladha ya vumbi wala ya mbio. Shangazi alipoletewa paja akalitafuna kidogo, akauliza, "Huyu kachomwa au kaogeshwa?" Nilimhurumia yule kuku. Nilijua hajawahi kuishi.

Dona Ivete alipokubali kuja, Senhor Anselmo ilibidi aende Pemba kumpokea. Punje zilikuwa zimebaki chini ya nusu gunia, nazo amezifungia kwenye kibanda chake cha uani. Akaniita.

"Menina, wewe hutoki nyumbani."

"Sitoki, Senhor."

"Hata kidogo?"

"Natoka kwenda shule na madrasa. Na siku nyingine huumwa tumbo."

"Basi wewe ndiye mlinzi wangu." Akanivika ufunguo shingoni kwa kamba. "Mle ndani mna chakula cha mashine, na ndicho cha mwisho. Jumapili naalika watu wa ofisini na nyinyi majirani. Mashine lazima ishibe. Ivete nimemsimulia mashine hii mpaka simu imechoka."

Ilikuwa mara ya kwanza uvivu wangu kupewa cheo. Nilitembea uani nikiwa nimetoa kifua ili ufunguo uonekane.

Kosa lilianza kwa kuku wetu. Walikuwa saba, wembamba, wenye tabia mbaya, na walikuwa wameacha kutaga. Ijumaa ile Shangazi alipekua viota akatoka mikono mitupu. "Paka," akaniambia, "hawa kuku wanakula, wanalala, hawatagi. Wamejifunza kwa nani?"

Neno lile liliniuma. Nikashika ufunguo wangu, nikawaza: mle ndani mna chakula kinachofanya kuku kwa saa tatu. Konzi moja tu, nani atajua?

Niliwamwagia konzi moja. Wakadonoa, wakatema, wakaniangalia kama mgeni aliyekuja mikono mitupu. Nikaona kosa langu: chakula ni kikavu mno. Sisi pumba za kuku huwa tunazilowesha kwanza. Nikaleta beseni, nikatia konzi mbili na maji. Zile punje zikavimba. Wenzangu, zilivimba! Konzi mbili zikajaza beseni mbele ya macho yangu, na mimi nikaona siri yote imefunuka: hiki ni chakula kinachozaana. Ndiyo maana mashine hushiba. Nikavuta pipa lililokatwa nusu, nikamimina gunia lote, nikatia ndoo tatu za maji, nikakoroga kwa mwiko mkubwa wa shughuli.

Nilichokikoroga, kumbe, ni mbao iliyokuwa imeshindiliwa ikaitwa punje, na sasa inarudi kuwa unga wa mbao. Kuku walikuja, wakapanda juu yake, wakaparura mara mbili, wakaondoka wakinung'unika.

Sikuogopa sana. Niliogopa ule woga wa kawaida wa kumwaga kitu cha mtu. Nikaumwaga uji wangu nyuma ya banda la kuku, nikalijaza gunia la Senhor Anselmo pumba zetu za mahindi, chakula kwa chakula, nikafunga mlango, nikaurudisha ufunguo shingoni. Kifua sikukitoa tena, lakini usingizi niliupata.

Jumamosi alasiri gari likasimama. Dona Ivete alishuka, vumbi hadi kwenye kope, mkononi ana sanduku la barafu lenye chakula alichobeba toka kwao. Aliangalia nyumba, akaangalia choo cha uani, akaangalia bomba lisilotoa maji.

"Anselmo, duka liko wapi?"

"Lile pale."

"Lile ni duka?"

Nilimwona Senhor Anselmo akivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa chafu. Kwenye tundu la ua Shangazi alininong'oneza, "Huyu hata begi halifungui. Jumatano gari linarudi Pemba, na yeye yumo."

"Kwa nini Jumatano?"

"Kwa sababu Jumanne hakuna gari."

Jumapili asubuhi, mwenzake mmoja wa ofisini alileta kuku wanne kutoka Mbau, wamefungwa miguu. Wageni wengi walikuwa Waislamu, kwa hiyo Senhor Anselmo akamwomba baba aje awachinje. Mimi nilishika ndoo ya maji. Baba alipiga bismillahi, akachinja wa kwanza, akachinja wa pili, na mimi nikauliza kwa nia njema kabisa, "Baba, hawa ni wa nini?"

"Wa mashine, wa nini tena."

"Wanaingia kwenye mashine? Hawa?"

"Unataka waingie wapi, msikitini?"

Ndoo ilinitoka mkononi. Maji yakamwagika miguuni mwa baba, akanikemea, sikusikia. Kama kuku anatiwa mashineni akiwa kuku tayari, basi zile punje ni chakula cha nani? Na kama mashine haifugi, inanguruma nini? Kichwani mwangu ule mtambo mzuri wote, wiki tano na saa tatu, ulianguka, na chini yake nikaona kitu kimoja: moto. Punje zilikuwa kuni. Nilikuwa nimelowesha kuni za mtu.

Nilimkuta Senhor Anselmo mlangoni mwa kibanda, ananyoosha mkono niupe ufunguo.

"Senhor, usifungue."

"Kwa nini?"

"Mna pumba." Machozi yakaanza kabla ya maneno. "Niliwapa kuku. Nilidhani mashine inafuga."

"Inafuga nini?"

"Kuku."

Alifungua, akatia mkono guniani, akatoa pumba, akaziacha zipite vidoleni. Nilingoja kofi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivunja. Alikaa chini kwenye kizingiti, mtu mrefu vile, magoti yakafika masikioni.

"Basi," akasema polepole. "Jumatano anaondoka."

"Nani kafa?" Shangazi Mwanaidi alikuwa ameshapita kwenye tundu la ua, unga mikononi. Tukamweleza. Alicheka mpaka kapulana aliyojifunga kiunoni ikamfunguka, akajifunga upya, akacheka tena kidogo, kicheko cha mwisho. Kisha akaiendea mashine, akafunua kifuniko, akauinua wavu, akaangalia chini. Chini ya wavu kulikuwa na bamba pana la chuma, limekunjwa kama paa, limefunika mahali pa moto.

"Hili la nini?"

"Linautawanya moto," alisema Senhor Anselmo, "usiiguse nyama."

"Usiiguse!" Shangazi alimgeukia kama aliyeambiwa habari ya msiba. "Yaani mtu anawasha moto, halafu anauwekea pazia? Ndiyo maana kuku wako hana hata doa. Toa hili."

"Vizinha, mashine itaharibika."

"Itaharibika kuliko hivi ilivyo na njaa?"

Akang'oa waya wa umeme, akalitoa bamba, akaliegemeza ukutani. "Paka! Vifuu."

Nilileta vifuu vyote tulivyokuwa navyo, vikapu viwili. Nikaviwasha pembeni chini, vikawaka hadi usoni, nikavingoja vipoe hasira, kisha nikavibeba kwa sufuria kuukuu hadi tumboni mwa mashine. Kuku walikuwa wamepasuliwa mgongoni na kutandazwa kama vitabu, wamepakwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu na pilipili. Tui lilikuwa kwenye bakuli, na ndani yake bua la mchaichai lililopondwa kichwa, ndilo brashi yetu. Kila kitu kilikuwa tayari. Nikampa Shangazi koleo.

Hakulipokea. Alivuta kigoda akakaa.

"Mimi nimealikwa kula," alisema. "Umemaliza chakula cha mashine, basi leo mashine ni wewe. Nguruma."

Nilidhani anatania. Nilimtazama Senhor Anselmo, naye akatazama barazani, ambako mlango wa chumba cha Dona Ivete ulikuwa umefungwa tangu chai. Watu wa ofisini walishaanza kufika, wanavuta viti.

Nikanyoosha kiganja juu ya wavu. "Bismi..." Mkono ukaruka.

Sikujua. Hilo ndilo lililonitisha: sikujua kama ni moto mkali au ni maziwa ya kiganja changu. Nilimwangalia Shangazi anisaidie. Alikuwa anaondoa unga kwenye kucha. Mwanamke ambaye hakuwahi kuninyima neno, leo ndiyo kafunga mdomo.

Basi nikautazama moto wenyewe. Kona moja ilikuwa bado na ndimi, zinacheza. Nikatandaza makaa kwa koleo, nikangoja, nikahesabu pumzi zangu, nikanyoosha tena. Bismillahi. Joto likapanda kwenye vidole. Rahmani. Likafika kwenye kiganja, nikauma midomo. Rahimi, na mkono ukatoka wenyewe, hapo hapo, kama uliosukumwa.

Nikaweka kuku wanne, upande wa mifupa chini. Wakapiga kelele wote pamoja. Hiyo si ile grrr ya mashine. Ilikuwa sauti ya nyama na moto kuonana ana kwa ana, na mafuta yakidondoka makaa yanajibu. Nilipaka tui, nikageuza, nikapaka. Vifuu havidumu, kwa hiyo pembeni nilikuwa na moto wa akiba, nahamisha makaa mapya huku napepea kwa kipepeo cha ukindu. Jasho, jivu, tui hadi kwenye viwiko. Ngozi ikaanza kupata rangi ya dhahabu iliyoungua, na moshi, moshi ule mtamu wa kifuu uliochanganyika na nazi, ukaenda wote barazani.

Mlango ukafunguka. Dona Ivete alitoka na kitambaa kichwani.

"Samahani, mpenzi," Senhor Anselmo alikimbilia. "Moshi umeingia ndani. Mashine imepata hitilafu kidogo, tume..."

"Hicho ni kifuu."

"Ndiyo, ni kwa muda tu."

"Anselmo, kaa kimya." Alishuka ngazi peku. "Hicho ni kifuu. Hiyo ni harufu ya nyumbani kwa bibi yangu, Inhambane. Alikuwa hachomi kwa kitu kingine."

"Miaka yote hii hujawahi kuniambia."

"Miaka yote hii umekuwa ukiniletea frango wa dukani. Ningekumbukia wapi?"

Alikuja hadi motoni, akamwomba Shangazi kapulana, akaifunga juu ya gauni lake zuri, akachuchumaa mbele yangu. Aliniona nimenyoosha mkono juu ya wavu na midomo inachezacheza.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza kwa Kireno changu cha darasa la nne, kile Senhor Anselmo alichonifundisha barazani. Alisikiliza kwa makini, akanyoosha wake. Hakujua bismillahi, kwa hiyo alitumia ya kwao, polepole: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho... Mkono ukaruka, akacheka kama msichana, akaupuliza.

"Moto uko sawa," Shangazi akatangaza toka kigodani, "hata kwa dini yake."

Sitawaelezea kula. Nitawaambia tu kwamba mkubwa wa ofisi alivunja mfupa kwa meno na kunyonya ndani yake mbele za watu, na hakuna aliyemshangaa, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake. Dona Ivete alimaliza paja, akafuta vidole, akauliza, "Nani kachoma?"

Senhor Anselmo akanishika bega, mimi niliyekuwa mweusi wa masizi toka kichwani hadi miguuni. "Mashine," akasema. "Hii hapa."

Kisha Dona Ivete akamgeukia mumewe, wala hakushusha sauti. "Watoto wangeupenda ua huu. Lakini choo utakirekebisha."

Jumatano aliondoka kweli, Shangazi hakukosea siku. Alikwenda kuwachukua watoto. Waliporudi wote watatu, binti yake mdogo alikuja siku hiyohiyo kwenye tundu la ua na kuuliza yuko wapi yule msichana aliyedhani mashine inafuga kuku. Habari zilikuwa zimefika hadi kusini. Sikukasirika. Senhor Anselmo hakuandika barua ya uhamisho, na madaftari yangu yakaendelea, mpaka nikamaliza sekondari kwa Kireno chake. Bamba alinipa jioni ile ya karamu, alilichukua pale ukutani akaniwekea mikononi kwa heshima kama anayetoa cheti. "Hili halina kazi tena," alisema. Wengine wana diploma ukutani. Mimi nina bamba.

Lakini kulikuwa na kitu kingine nilichokuwa bado nakitaka, nacho sikupewa siku ya karamu. Koleo la siku ile lilikuwa adhabu, na jioni yake Shangazi alilichukua, akaliosha, akalitundika mahali pake. Siku ya pili alichoma ngisi mwenyewe, na nilipoukaribia moto akasema, "Paka, jivu liko kule."

Siku ya tatu nikasikia ananiita nyuma ya banda la kuku, kwa sauti ile ya mtu aliyeona nyoka. Nikaenda mbio. Ule uji wangu ulikuwa umekauka juani, umekuwa unga mwepesi, laini, mkavu kama godoro jipya. Kuku wetu saba walikuwa wameuchimba mashimo duara, wamejilaza humo kama mabibi harusi. Na chini yao kulikuwa na mayai. Si moja. Tuliyahesabu mara mbili, yakawa manane.

Shangazi Mwanaidi alisimama mikono kiunoni. Akatazama mayai, akanitazama mimi, akatazama mayai. Namjua. Alikuwa anatafuta neno la kunicheka nalo, akapekua kichwa chote, akakosa.

"Haya," akasema mwishowe. "Okota. Na ukimaliza hapo, washa moto."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikageuka, nikamwona analitoa koleo ukutani. Alinirushia, nikalidaka kwa mkono mmoja, mayai kwenye mkono mwingine. Yeye akaenda kukaa mahali pangu, karibu na jivu.